Kaunta Buku

Ukurasa wa kwanza una doa la mafuta
na hesabu ya kalamu nyekundu ya mwanangu:
karanga kilo tano, soko la Mbuyuni,
chumvi, mkaa makopo mawili,
chupa za jamu kumi na moja, kuukuu, nimezichemsha.
Chini nimeandika FAIDA kwa herufi kubwa,
nikapiga mstari mara mbili.
Sikuandika miguu yangu kutoka Pasua.
Sikuandika usiku wa kumenya,
kidole gumba kimevimba kama nyanya chungu.
Ile haikuwa faida. Ilikuwa mimi,
nimejiuza rejareja bila kujua bei.

Ukurasa wa tatu, pilipili.
Mashine ya Kileo ilikuwa imetoka kusaga pilipili kichaa;
yeye hakusema, nami sikuuliza.
Chupa nane zilirudi siku moja,
na watoto wa mwalimu Ndelilio wakilia, ndimi nje.
Nikawarudishia wote pesa zao,
hata yule aliyekuwa amekwisha kula nusu.
Mwalimu bado ananunua.
Nadhani nilimpata siku ile, kwa hasara.

Wa saba ni wa shemeji.
*Aminiel, chupa mbili, atalipa Ijumaa.*
Ijumaa ya mwaka gani, haikuandikwa.
Namhamisha ukurasa hadi ukurasa
kama kitanda kibovu kila tunapohama nyumba.

Hapa karatasi imechanwa.
Nilichana mwenyewe, wiki ya kausha damu:
laki mbili zilikuja Jumatatu zimevaa suti,
Jumatatu ya pili zikarudi na kijana wa pikipiki
akiitazama redio yangu,
akilitazama jiko langu,
akimtazama mwanangu, nikahofu, kama anayepima uzito.
Nilimlipa kwa kuuza vitenge vyangu vitatu.
Tangu hapo nakopa kwa wanawake wa Njoro,
Alhamisi, kisanduku cha makufuli matatu.
Hakina haraka. Kinanijua kwa jina.

Kijana wa SIDO aliniuliza, "Mama, mteja wako nani?"
Nikajibu: kila mwenye mdomo.
"Basi kahesabu midomo."
Nikasimama stendi asubuhi tatu, kama mtu aliyeachwa na basi,
hadi nikayaona: matranka ya bati,
wanafunzi wa bweni, mama zao wakiuliza
nini kitalainisha mkate mkavu miezi mitatu bila kuoza.
Januari ile chupa mia na arobaini.
Februari, sita.
Sikulia; nilikuwa nimeweka akiba ya Februari.

Nembo ilinisumbua. Hapa Moshi kila kitu kina mlima:
maji yana mlima, mkate una mlima,
hata duka la majeneza lina mlima, theluji na yote.
Mimi nikachora kijiko.

Na siku ya leseni, baada ya foleni ya saa nne,
dirishani wakaita, "Ndeshukurwa Elisante Mmari, mfanyabiashara!"
Nikageuka nyuma nimwone huyo ni nani.

Mama alisema mali bila daftari hupotea bila habari.
Yangu imepotea mara tatu, mama,
lakini habari ninazo: tarehe, kiasi, na aliyeondoka nayo.

Leo buku limejaa. Nimenunua jipya.
Eliaichi, binti ninayemwajiri, amekaa na kalamu;
mshahara wake una mstari,
na chini yake, kwa mara ya kwanza, upo mstari wangu,
mdogo, lakini umeandikwa.
"Tuanze na nini?" ananiuliza.
Na salio. Soma lililobaki kule.
Anafunua, anafunua, anaanza kucheka.
"Shemeji Aminiel, chupa mbili?"

Andika, mwanangu.
Andika vizuri, isomeke.